Kuni za Mama Nekesa

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari, mwaka ule wa fujo za uchaguzi, Mama Nekesa alipokuja kununua kuni kwangu Kawangware. Alikuwa jirani yangu wa ploti, tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu, na kitoto chake hakikuwa kimetimiza wiki mbili. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika, na chumba cha mabati bila moto alfajiri ni baridi tupu.

Mwanangu, mimi ni mzaliwa wa Kitui. Kuni nilifunzwa kabla ya kusoma: iliyokauka ni nyepesi mkononi, ncha zake zina nyufa, na ukigonga mbili pamoja zinalia. Kwa hiyo siwezi kusema nilikosea kwa kutojua.

Barabara zilikuwa zimefungwa, malori hayaji. Kuni kavu chache nilizobaki nazo nilizifunika kwa gunia nyuma ya nyumba, nikiwawekea watu wa kwetu. Ndiyo, watu wa kwetu. Naona aibu hata kuyatamka. Siku hizo kila mtu alimpima jirani kwa jina lake la kabila, na mimi pia nilipima.

“Niuzie zenye zimekauka, dada,” aliniambia. “Mtoi anasikia baridi.”

“Hizi ni kavu,” nikamjibu, nikamfungia mzigo wa miti ya blugamu iliyokatwa juzi.

Moshi ulipenya hadi kwangu. Nilimsikia mtoto akikohoa mpaka jua la utosi, nami nimeketi hatua tatu kutoka mlango wake. Sikuinuka.

Kesho yake alizirudisha zilizobaki, akaziweka mlangoni. Hakunitukana.

“Hizi ni mbichi, na ulikuwa unajua.”

Barabara ilipofunguka alipanda lori la waliorudi kwao Western, mtoto kifuani akipumua kwa taabu. Nimeuliza miaka yote hii. Sijui kama mtoto aliishi.

Basi sikia, mwanangu. Pasua kuni mapema, zipange juu ya mawe, funika juu uache ubavuni upepo upite, uzipe miezi, si siku. Na jirani akija, mpe ile ambayo ungemwashia mwanao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Dhiki ilikuja, na mimi sikumfaa mtu. Mungu akupe moto usio na moshi, na akuepushe na jirani utakayemtafuta hadi uzeeni umwombe msamaha.