Kungumanga ya Kumwota Mama

Mama alizikwa Wete kabla boti yangu kutoka Unguja haijafunga gati. Simlaumu mtu, kwetu maiti hasubiri mwanafunzi wa chuo amalize mtihani. Lakini uso wake sikuuona, na hilo ndilo lililonikaa kooni. Nilitaka kumuona mara moja tu, basi.

Kisha akaanza kuwajia watu ndotoni. Kwetu Pemba maiti akija ndotoni ana haja yake, na walio hai humtimizia. Alianza na shangazi yangu, wifi yake, ambaye hakuwahi kunywa naye chai bila kununiana.

"Kaja wifi yangu, kavaa nyeupe," shangazi akatangaza. "Kataka hitima. Yenye pilau."

Tukasoma, tukapika. Haikupita wiki, kaja tena, kataka halua. Mama na halua, wapi na wapi! Akenda na kwa jirani, akamwagiza achukue sufuria letu kubwa. Nikalitoa. Ungefanyaje, umkatalie marehemu?

Kwangu mimi, mwanawe wa pekee, hakuja.

"Una moyo mgumu," shangazi akanambia. Nililia kwa hasira, halafu nikaingia jikoni kutafuta kungumanga. Wanawake wa kwetu huitia kidogo kwenye uji wa harusi ili wachangamke, na bibi mmoja wa Wingwi aliwahi kuniapia kwamba ukizidisha utaota mpaka uchoke. Nikazidisha. Mashallah! Kinywa kilinikauka, moyo ukanenda mbio, nikatapika kutwa nzima, na nilichoota ni jogoo wa jirani kalala ndani ya sufuria letu.

Binamu yangu, mwalimu wa sayansi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wataka kujiua?" akasema. "Achana na hiyo sumu. Ndoto ndefu huja karibu na asubuhi, macho yakichezacheza chini ya kope. Na mtu anaweza kujua kuwa anaota, akabaki humo humo akafanya analotaka. Ila lazima ujizoeze. Mchana tazama vidole vyako, ujiulize, 'Naota?' Ukizoea, utajiuliza hata usingizini. Na usingizini vidole havitulii."

Basi nikajizoeza. Kwenye foleni ya maji, nimo. Msibani, nimo. Sokoni muuza pweza alinikuta nimekodolea kiganja changu, akasema, "Bi, vyote vimo. Sijakukata hata kimoja." Wallahi nilikuwa mwanafunzi hodari.

Mama alikuja nilipojilaza tena baada ya sala ya alfajiri. Yuko uani kwetu, anakuna nazi, kanipa mgongo. Kavaa kanga yake ile iliyopauka. Nyeupe ya shangazi sikuiona.

"Ushafika?" akauliza, akaanza kugeuka.

Na mkono wangu, uliofunzwa ukafunzika, ukapanda wenyewe mbele ya macho. Vidole sita. Nikatazama tena, saba. Naota! Nilifurahi, jamani, kama niliyefaulu mtihani.

"Mbona hunitazami, mwanangu?"

Nikauteremsha mkono. Mbele yangu palikuwa na chandarua, na jua limeshaingia dirishani.

Shangazi alikuwa uani anachagua mchele. Aliniona macho yalivyovimba, akajua.

"Kaja?"

"Kaja."

"Alhamdulillahi! Kataka nini?"

"Kataka nimtazame."

"Basi? Hata pilau hakutaja?"

"Hakutaja. Na mimi nilikuwa natazama vidole, shangazi. Uso sikuuona." Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono wenye ungo. Nilikuwa sina kejeli hata chembe, nilitaka kweli. "Wewe humuona kila mara. Nambie, usoni yukoje?"

Shangazi akainamia ungo wake, akaendelea kutoa chuya, ijapokuwa mchele ule ulikuwa umeshatakata zamani.