Jogoo wa Bati na Mbuzi wa Theluji

Harufu ya senema ya wanawake siku za Sikukuu haifanani na harufu nyingine yoyote. Ni udi ulioshika kwenye mabuibui, jasho la watoto waliovishwa nguo za nailoni saa tisa za mchana, sambusa zilizofungwa gazetini mpaka gazeti likalowa mafuta, na juu ya yote hayo ile harufu kavu ya mashine iliyopata moto, inayoshuka kutoka kitundu cha ukutani nyuma yetu. Nikiisikia hata nusu yake leo, huondoka nilipo. Wenzangu wa rika langu wakikutana hukaa wakasifu: katuni za siku zile zilikuwa tamu, watoto wa siku zile walikuwa na adabu, hebu wewe ulikuwa ukiipenda ipi? Huwa najifanya nakwenda kutazama chungu jikoni. Leo nitajibu, na sitapaka asali, kwa sababu nimechoka kusikia adabu ya watoto wale ikisifiwa na watu wanaojua vizuri ilitoka wapi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tukikaa Ng'ambo, mimi na baba na shangazi yangu Mwaka aliyenilea tangu mama alipofariki. Mapinduzi yalikuwa yameshapita miaka kadhaa, watu wameshazoea foleni, wameshazoea kuzungumza huku wakitazama mlangoni. Skuli nilisoma upande wa Mji Mkongwe, na huko ndiko nilikompata Zuweina, binti wa fundi saa. Duka la baba yake lilikuwa limeshafungwa, akafanyia kazi nyumbani juu ya meza ya kulia, na sisi tukikatazwa kukimbia chumbani humo kwa sababu vijigurudumu vya saa vikianguka havionekani tena. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyembamba kama vya mwanamke, na kila nikiingia aliniuliza, "Saa ngapi hiyo, Bi mdogo?" huku saa thelathini zimemzunguka na kila moja inasema lake.

Mimi na Zuweina tulipatana kwa kila kitu isipokuwa katuni. Sikukuu ile senema ilileta mbili, zote za rangi, na siku ya kwanza zikaoneshwa pamoja kwenye onesho la zanana, yaani onesho la wanawake watupu na watoto wao, ambalo mwanamume hakanyagi ila yule fundi wa mashine aliyefungiwa chumba cha juu. Ya kwanza ilikuwa ya jogoo wa bati aliyekaa juu ya paa akionesha upepo unakotoka, siku moja akachoka, akashuka, akaanza ugomvi na kunguru wa mji mzima. Jogoo huyo akipiga hatua analia kama sufuria. Nilicheka mpaka nikapaliwa na njugu. Ya pili ilikuwa ya mbuzi mdogo aliyepotea kwenye theluji. Hamna nyimbo, hamna vichekesho, mbuzi anatembea tu. Mwishoni anafika kwenye nyumba yenye taa, anagonga kwa kwato, mlango unafunguka, mwanga unatoka, na hapo hapo katuni inakwisha bila ya kuonesha aliyefungua. Wanawake walimpigia kelele fundi wa mashine: "Wee! Umekata! Turudishie!" Bibi mmoja mbele yetu alikuwa akibishana na mjukuu wake tangu mwanzo kwamba ile si theluji, ni unga wa muhogo uliomwagika, na haramu kuuchezea hivyo watu wana njaa.

Zuweina alitoka akilia. Akaniambia aliyefungua mlango ni mama yake mbuzi, lazima awe mama yake, ndiyo maana hawakumwonesha, kwa sababu kila mtu ana wake.

"Mama yake wapi," nikamwambia. "Yule ni mchinjaji. Nyumba yenye taa wakati wa baridi, watu wanangoja supu."

"Una roho mbaya wewe."

"Na wewe na mbuzi wako mnaboa. Kutembea, kutembea, kama anakwenda Kizimbani kuchuma karafuu."

Akacheka na machozi yake. Ndivyo tulivyokuwa. Kisha akanivuta nyuma ya ngazi, akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia jambo ambalo hakuna mtoto anayefaa kulibeba. Wao walikuwa wanaondoka. Baba, mama, yeye na wadogo zake wawili, wiki moja baada ya Sikukuu, watapita kaskazini ya kisiwa kwa mashua mpaka Mombasa. Ruhusa ya kusafiri hawakupewa na hawataomba tena. Mama yake alikuwa ameshashona mifuko ndani ya nguo. "Nimekwambia wewe peke yako," alisema, "kwa ajili ya Mbuzi. Siku ya nne wataonesha moja tu, ile itakayochaguliwa. Nnataka nimwone tena. Huko tunakokwenda sijui kama nitaingia senema. Nisaidie ashinde."

Sasa nieleze kuchagua kulikuwaje, maana ndipo kila kitu kilipoharibika. Siku ya pili, baada ya onesho, Bi Tatu aliyekuwa akikata tiketi za wanawake alisimama kwenye ngazi ya uani, wanawake na watoto wamejaa chini yake, akauliza ipi irudiwe siku ya nne. Upande wenye kelele zaidi unashinda. Kabla ya kelele, kila upande hutoa mtoto mmoja awatetee wenzake, na wanawake hucheka, hutania, humshangilia. Ilikuwa mchezo. Lakini siku zile mahali pa kusimama ukasema hadharani hiki kizuri na hiki kibaya palikuwa hapo tu, na nadhani ndiyo maana wanawake wazima walikuwa wakishindania katuni mpaka mishipa ya shingo ikiwatoka.

Wenzangu wa Jogoo wakanisukuma mbele. Ningeweza kukataa. Nilikuwa najua rafiki yangu anamtaka Mbuzi kwa sababu gani, nami nikapanda ngazi ile ile. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kushinda. Nikaigiza mwendo wa Jogoo, watu wakacheka, Bi Tatu akanipigia makofi. Kisha akapanda Zuweina. Hakuigiza kitu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mbuzi yule hajui mlango ule ni wa nani, lakini amegonga, na yeye angependa tukae naye mara moja zaidi mlangoni pale ili asiwe peke yake. Mwanamke mmoja akafuta macho kwa ushungi. Mwingine akasema, "Huyu mtoto katoka wapi na maneno haya?" Nikaona wazi nimeshindwa.

Nikapiga ukelele: "Msimsikilize! Anamtaka huyo mbuzi kwa kuwa ndo mara yake ya mwisho! Wanakimbia, wanakwenda Mombasa kwa siri!"

Wachache walianza kucheka, wakidhani ni utani wa watoto. Kisha wakamtazama Zuweina usoni, kicheko kikafa. Halafu mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma, mpaka leo simjui, akapaza sauti, "Jogoo! Jogoo!" na mara wote wakadaka, hata wale waliokuwa wakilia kwa ajili ya Mbuzi: "Jogoo! Jogoo! Jogoo!" Sijapata kusikia kelele kama zile. Nilidhani nimewashawishi. Nilinyanyua mikono juu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba walikuwa wakipiga kelele ili kila mmoja aweze kuapa hakusikia nilichosema.

Shangazi Mwaka, aliyekuwa nami uani pale, alinishika mkono, hakuachia mpaka tumevuka kwetu Ng'ambo. Nilingoja kupigwa. Alikaa kitandani na buibui lake, akaniuliza polepole, "Uliyoyasema, kakwambia nani?"

"Mwenyewe Zuweina."

"Kwa hivyo kweli?"

"Kweli, shangazi. Sikusema uongo."

"Afadhali ungeusema," alijibu, akanyanyuka, akavaa viatu tena akatoka. Alikwenda kwao Zuweina kuwatahadharisha. Kumbe mama yake Zuweina ameshajua. Alikuwepo uani pale pale, chini ya ngazi, amemshika mtoto wake mdogo. Walikuwa wamekaa chumbani wote watano, hawajui la kufanya. Wakiondoka usiku huo, watakuwa wamethibitisha. Wakibaki, huenda ikapita, huenda wote waliosikia ni watu wazuri. Fundi saa alisema wabaki. Alisema Sikukuu haijesha, nani atafanya kazi Sikukuu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, walikuja watu wawili. Haya nimesimuliwa na shangazi, ambaye alirudi nyumbani kwa fundi saa siku ile na sahani ya visheti kama mtu anayekwenda kumpa mwenzake mkono wa Idi. Watu wale walibisha hodi vizuri, wakavua viatu mlangoni. Mgeni wa Sikukuu haulizwi amefuata nini, hukaribishwa akala. Basi mama yake Zuweina akawatilia kahawa, akawasogezea visheti alivyoletewa na shangazi yangu, nao wakala, wakasifu, mmoja akaomba kikombe cha pili. Walipomaliza wakafuta vidole, wakamwambia fundi saa avae kanzu yake, kuna maswali mawili matatu. Wakati akivaa, saa zake zikagonga kumi, moja baada ya nyingine, kama kawaida yake, na mmoja wa wale watu akacheka akasema, "Bwana, ipi ya kweli hapa?" Akaondoka nao.

Siku ya nne nikasema siendi senema. Shangazi akanivalisha kwa nguvu. "Utakwenda," alisema. "Na mimi nitakwenda. Tukikosekana leo watu watauliza kwa nini." Kumbe wanawake wote waliwaza hivyo hivyo, maana ukumbi haujawahi kujaa vile. Hakuna aliyelitaja jina la Zuweina. Taa zikazimwa, Jogoo wa bati akashuka juu ya paa, akapiga hatua yake ya kwanza na sauti ile ya sufuria, na mimi nikacheka. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, wala sitaki kuonewa huruma kwa ajili yake. Sikucheka kwa kujilazimisha. Nilicheka kwa sababu Jogoo alichekesha. Nilikuwa nimewavunjia watu nyumba yao na nikakaa gizani na njugu zangu mkononi nikacheka, na shangazi yangu pembeni yangu amecheka, na ukumbi mzima.

Fundi saa alirudi Sikukuu mbili zimeshapita. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Akishika koleo ndogo, gurudumu linaruka. Akaishia kuuza kamba na misumari. Zuweina alirudi skuli wiki chache baada ya baba yake kuchukuliwa, akahamishwa dawati, akanipa mgongo miaka minne. Hakunitukana hata siku moja. Ila mara moja, wenzetu walipokuwa wakibishana tena wakati wa mapumziko, mmoja akamuuliza yeye ipi ilikuwa nzuri, akajibu bila ya kunyanyua macho, "Zote nzuri." Ningependelea anipige. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikwenda kwao kuomba radhi. Alinisikiliza mlangoni. "Ulikuwa mtoto," alisema.

"Na wewe ulikuwa mtoto."

"Ndiyo," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyekwambia. Mama alimficha, baba hajui mpaka leo kama ni mimi." Akafunga mlango.

Basi nikakaa na hasira, na kwa muda mrefu hasira yangu yote ilikuwa juu yangu. Sasa nina watoto wawili na nimeigawa. Sehemu yangu naibeba, siikatai. Lakini nimewapa na wale wawili waliokula visheti. Nimempa na yule aliyetoka uani pale akaenda kusema, mwanamke mwenye watoto, aliyekaa pamoja nasi akamlilia mbuzi. Na nimewapa watu wazima wote wa mji ule walioona ni sawa uhai wa nyumba nzima utundikwe kwenye ulimi wa mtoto wa miaka tisa, kisha wakageuka wakamfundisha mtoto huyo kunyamaza wakaiita adabu. Maana ndivyo nilivyofundishwa tangu siku ile. Ukiulizwa umekula nini, sijui. Ukiulizwa baba yako yuko wapi, sijui. Ukiulizwa unapenda kipi, cheka tu.

Siku hizi senema imehamia majumbani. Jirani yetu ana televisheni ya rangi, na jioni watoto wa mtaa hujaa ukumbini kwake kutazama katuni, wakisukumana, wakitukanana kwa nini fulani kashinda. Hakuna anayekuja kumchukua mtu kwa sababu ya maneno ya mtoto. Au tuseme sijasikia. Mimi nilijisifu kwamba wanangu nimewalea tofauti. Sijawahi kumwambia binti yangu nyamaza. Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua, nikamkuta mwenye nyumba, mzee mcheshi, anawauliza watoto mmoja mmoja: ya leo nzuri, au ya jana? Kila mtoto akapiga ukelele wake. Ikafika zamu ya wangu. Ana miaka mitano. Hakumtazama mzee, hakuitazama televisheni. Aligeuka akanitafuta mimi mlangoni, akanisoma uso, kutoka paji mpaka kidevu, kama mtu anayetazama barabara kabla ya kuvuka.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Sema unayoipenda."

Akaja mpaka nilipo, akanivuta ushungi niiname, akanitia mdomo sikioni. Kisha, kwa sauti ndogo hata nami nikaipata kwa shida, akaniuliza nataka aseme ipi.