Watoto wa Chumba Kimya

Ninyi vijana mnaotaka kazi ya kulea watoto wa watu, tulieni niwaambie. Nimeishia darasa la nne, sina maneno makubwa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Kibondo, mwaka 2012, kituo cha yatima. Mkuu wa Kituo alinikabidhi aproni na watoto kumi na wawili. Niliwalea kama nilivyolea wangu: anayelia hapewi uji mpaka anyamaze. Ndivyo sisi Waha wa rika langu tulivyokuzwa. Mkuu akipita na wageni husema, “Sikilizeni chumba cha bibi. Kimya.” Nikavimba kichwa.

Mwaka 2015 wakimbizi Warundi walipoingia, nikahamishiwa kambini kwao, upande wa Kasulu. Bosi wangu huko alikuwa Mshauri Nasaha, binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Kazi yake ni kukaa na aliyeumia moyo mpaka aseme mwenyewe, wanaita unasihi. Mimi nilimwona mvivu anayelipwa kwa kukaa.

Alikuwapo Odeta, wa miaka sita hivi, kaletwa na majirani, bila mama. Halii, hasemi, uji anaugusa tu. Wiki mbili na zaidi nilimsifu kuwa ana adabu. Mshauri akaniambia, “Bibi, hiyo si adabu. Huyu mtoto anatuishia mikononi. Kaa naye mpukuchue maharage, usimwamrishe kitu.”

Nilikaa siku nne, ulimi unaniwasha. Siku ya tano ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa. Akajikunyata akisubiri kofi. Mkono wangu, siwafichi, ulishanyanyuka. Nikaushusha, nikaanza kuokota. Ndipo akalia. “Nyamaza” ilinifika mdomoni, nikaimeza. Alilia hadi uji ukapoa, kisha akasema kwa Kirundi chake, kinachokaribiana na Kiha chetu, nami nikamwelewa:

“Mama aliniambia ninyamaze mpaka aje.”

Kumbe yeye na mama yake walikuwa wamejificha vichakani, wanavuka mpaka kuja huku. Mtoto alikuwa anamtii mama yake, na mimi wiki tatu nzima nilikuwa namsaidia kutii.

Aliunywa uji ule ule uliopoa. Mama yake, hadi naondoka, hakuja.

Nilistaafu mwisho wa mwaka huo. Wanangu sita ni watu wazima wenye heshima zao, na hakuna anayeniambia kinachomuuma. Wa pili alifiwa na mtoto, nikasikia kwa jirani. Nilidhani nimewakomaza.

Siku niliyorudi nyumbani na sanduku langu, mjukuu alianguka uani akaanza kulia, mama yake akamnyooshea kidole anyamaze. Nikawaita wote. Nikasema: katika nyumba hii mtoto akilia, asiambiwe nyamaza. Mmoja wenu aketi karibu naye, angoje. Na uji wake awekewe.