Siku Bosko Alinifanya Bibi Harusi

Mpaka leo nikikutana na watu wa upande wa shemeji yangu natazama chini kama mtu anayetafuta sindano, kwa sababu fujo ya siku ya mahari ya dada yangu Shiru ilianza na mimi na mbwa wetu, Bosko.

Tangu Shiru ahamie Nakuru mjini kikazi, Bosko alikuwa anatafuna vitu vya nyumba. Alimaliza ndara, akala mpini wa brashi, akararua mto. Mami alisema meno yanamwasha (mbwa mzee hivyo, anaota meno gani?), mjomba akasema tupake kila kitu pilipili, na mimi, niliyetoka chuo kikuu na jibu la kila swali, nikasema ni kuchoka tu, mnyororo ndio unaomharibu. Kwa hivyo asubuhi hiyo, wote wakihangaika na sufuria, nikamfungulia.

Shiru alifika akapelekwa moja kwa moja chumbani, akasukwa, akapakwa marashi mapya. Kabla hatujatoka akaninong'oneza, "Njoroge wangu asiponijua leo mbele ya watu, nitajua ni mimi tu ninayempenda." Alikuwa anacheka, lakini hakuuachia mkono wangu.

Nanyi mnajua mambo ya leso: wasichana tunafunikwa gubigubi, tunapangwa mstari, na bwana harusi anamtafuta wake, akikosea, faini ni mbuzi. Nilisimama wa kwanza, ndani nimevaa sweta kuukuu ya Shiru (Mau Narok baridi haina huruma). Njoroge akapita, akarudi, akapita tena, jasho likimtoka. Ndipo Bosko akatokea nyuma ya jiko, akaninusa, akashika pindo la sweta lililochungulia chini ya leso, akaanza kulitafuna macho ameyafumba. Nikamsukuma kwa mguu, wapi! Kusema siwezi, sauti itanifichua.

"Huyu ndiye!" Njoroge akapaza sauti. "Hata mbwa anamjua!"

Akafunua, akakutana na sura yangu.

"Wuui! Hiyo ni mbuzi!" anti akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka viti vikaanguka. Mjomba wa Njoroge hakucheka. "Kijana, humjui msichana uliyetuleta kwake?"

Shiru akajifunua mwenyewe, macho yamelowa. "Njoroge, kweli hukunijua?"

"Niliogopa kukosea," akasema polepole. "Nikaona mbwa wako hana wasiwasi, nikamwamini kuliko macho yangu."

Shiru akanitazama. "Na hiyo si sweta yangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ndara zilikuwa za Shiru. Brashi ya Shiru. Mto wa Shiru. Na Bosko, aliposikia ile sauti, aliachia sweta, akakimbia akalala juu ya viatu vipya vya Shiru akilia kama mtoto. Shiru akaketi kwenye nyasi na mavazi yake yote, akamkumbatia, na Njoroge akaketi kando yao, suti na matope. Mjomba wake akakohoa, akashindwa, akacheka. "Haya basi, mbuzi tutaleta."

Nilikuwa nimeuliza kila mtu kwa nini mbwa anatafuna. Sikuwa nimejiuliza kwa nini mimi, mwenye makoti mawili mazuri, nilikuwa nimezoea kuvaa sweta iliyotoboka kwapa. Nimeapa: wageni wakija Bosko anafungwa, na nikimkumbuka dada yangu nitampigia simu kama mtu mwenye akili.