Speisa Niliyoipakata Njia ya Runzewe

Rafiki yangu, sogea karibu kidogo, maana hili si la kumsimulia kila mtu. Wewe nakuamini. Ukitaka kucheka nicheke mimi, umwache mume wangu.

Mume wangu ana pikapu ya petroli, kuukuu, inayotoa mchele Kagongwa na kuupeleka kwa wapishi wa machimboni, upande wa Bugarama. Yeye ni mzee wa kanisa. Siku moja alirudi safari ya Runzewe na kitu kinaitwa speisa. Ni pete nene ya aluminiamu, inajaa kiganja, na kwa ndani imechongwa mifereji inayozunguka. Fundi anaifunga pale hewa inapoingilia injini, katikati ya throto, yaani mlango wa hewa, na manifodi, mabomba yanayoigawa kwenye injini. Muuzaji alimwambia hewa ikipita pale inazunguka kama kimbunga, inachanganyika vizuri na mafuta, gari linapata nguvu na linakula kidogo.

Angeishia hapo nisingekuwa na neno. Lakini Jumapili iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda. Akasema Bwana amemkumbuka, gari lililokuwa linakohoa mlimani sasa linapanda kama linasukumwa na malaika. Watu wakapiga makofi. Siku hiyo tulikuwa na wageni, madereva kutoka machimbo ya Geita, nao wakamfuata nje kumuuliza duka liko wapi. Kwetu ushuhuda ukishautoa madhabahuni haubishaniwi. Anayeubishia anaonekana anambishia Mungu.

Mimi nasoma masomo ya jioni, nilirudi shule watoto wakiwa wameshakua. Nilimuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu huyo baiskeli yake haina hata breki, lakini alinichorea ubaoni. Alisema kwenye gari la aina yetu petroli inarushwa na nozeli mbele kabisa, karibu na valvu. Pale kwenye pete inapita hewa tupu, kwa hiyo hata ikizunguka namna gani haina mafuta ya kuchanganyika nayo. Na mlango wa hewa ni uleule, haujapanuka. Akaongeza kwamba labda kuna injini inayobadilika kidogo, hawezi kuapa, ila kwa gari kama letu mtu hawezi kulisikia badiliko hilo akiwa kwenye usukani. Nikasema moyoni, mwalimu hajawahi kubeba mchele. Nikafunga daftari.

Kisha gari likaanza kusumbua. Likisimama, silensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka yenyewe, kama mtu mwenye homa. Asubuhi moja mume wangu aliliacha gereji hapo Kagongwa akaenda kutoa pole msibani, mimi nikabaki kulilinda. Fundi akakuta hewa inavuja kwenye gasketi ya ile speisa. Akaitoa, akarudisha throto kama ilivyokuwa mwanzo, na mngurumo ukatulia. Akanipa ile pete mkononi. "Mama, utamweleza wewe mzee. Kwangu ni mteja, sitaki kumuudhi."

Nilikuwa naifunga kwenye kitenge pale mume wangu alipofika, mbiombio, na dada yake nyuma akimvuta mbuzi. Huyo ni wifi yangu, mjane, ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufariki. Ana gari, Noah, analobebea mizigo ya watu, ndilo linalomlisha. Alikuwa ameshakubaliana na muuzaji wa Runzewe kwa simu: ampelekee mbuzi, apewe speisa. Na mbuzi mwenyewe alikuwa jike, ana mimba, wa mwisho zizini kwake.

Mbuzi akafungwa nyuma. Mbele tukakaa watatu, mimi katikati, gia imesimama kwenye magoti yangu. Upande wangu wa kushoto wifi, na mlango wake hauna kitasa cha ndani, mpaka mtu aufungue kwa nje. Upande wa kulia mume wangu. Pete mapajani, bado ina joto la injini.

Tulikuwa hatujatoka hata mjini, akaanza. "Dada, sikiliza hiyo. Sikia linavyovuta."

"Mimi nasikia mbuzi," wifi akasema.

"Utasikia kwenye mlima."

Nikakaza kitenge juu ya pete. Kwetu mke hamsahihishi mumewe mbele ya dada yake, hasa dada kama huyu, ambaye mpaka leo kwenye kila kikao cha ukoo anasimulia jinsi mdogo wake alivyouziwa jogoo akaambiwa ni mtetea. Hata Kisukuma kisingenisaidia kumnong'oneza, wote watatu tumekinyonya. Nikisema, namvua nguo mzee wa kanisa. Nisiposema, mbuzi wa mjane anakwenda. Niliomba tupate pancha. Niliomba trafiki atusimamishe. Kahama tukaipita, trafiki akatupungia mkono twende.

Tulipofika mlimani mume wangu akashusha gia mpaka ya pili, palepale kwenye kichuguu anaposhushia siku zote. Miaka yote hiyo nimekaa kiti hiki, napajua. Akampigapiga dada yake begani kwa kunivuka mimi. "Umeona? Zamani hapa tungekuwa tunasukuma." Wifi akatikisa kichwa polepole kukubali, akasema basi, hatamwonea tena huruma yule mbuzi.

Neno hilo ndilo lililonishinda.

"Baba, speisa haimo," nikasema.

Akacheka. "Haimo wapi?"

"Kwenye gari. Ninayo hapa. Imetolewa asubuhi, ilikuwa inavujisha hewa." Nikafungua kitenge.

Aliitazama mpaka nikamwambia atazame barabara. Akaweka gari pembeni, akashuka, akafungua boneti. Tukabaki tunaliangalia lile bati lililosimama, yeye yuko nyuma yake hatumwoni. Nilitaka kushuka nimfuate. Upande mmoja usukani, upande mwingine wifi na mlango wake. Wifi hakucheka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko.

"Umeipakata toka Kagongwa, wifi?"

"Toka Kagongwa."

"Mh."

Mume wangu alikaa kule muda mrefu kuliko kazi ya kutazama. Aliporudi, hakunitazama. Dada yake ndiye aliyesema, "Mdogo wangu, geuza gari. Mbuzi amechoka kusimama."

Tukamrudisha wifi na mbuzi wake. Nyumbani mume wangu alikula barazani peke yake, akitaka chumvi anamtuma mtoto aniambie. Nikavumilia, nikaomba, nikapika. Lakini ule ushuhuda ulikuwa bado umesimama kanisani. Jioni moja nikamfuata palepale barazani, nikamwambia dada yake ameokoka na mbuzi wake, je, wale wengine waliomsikia?

"Simama wewe basi, msomi," akasema.

"Ushuhuda ulikuwa wako, baba. Mimi nitakaa benchi la mbele uniangalie."

Zilipita Jumapili kadhaa nikikaa benchi la mbele, na yeye akiangalia dirishani. Halafu Jumapili moja akasimama. Alisema pete ile ilitolewa bila yeye kujua na gari likaenda vilevile, na kwamba alimsifu Mungu kwa jambo ambalo hakulipima. Akakaa. Hakuna aliyeitikia ameni. Siku hizi chumvi ananiomba mwenyewe, ila hiyo njia ya Runzewe hatuizungumzii.

Wale wageni wa Geita siku hiyo hawakuwepo. Walisikia ule wa kwanza, wakaondoka nao, na sijui wameupeleka kwenye machimbo mangapi. Ndiyo maana nakuomba, rafiki, wewe unayefika nisikofika: ukikutana na dereva anayetaka kufunga hiyo pete, msimulie haya. Mwambie na yeye amsimulie mwenzake, kabla hajafungua zizi.