Scoop ya beach ilinishinda mtoni Kajiado, ikabidi nitengeneze yangu Kitengela

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, mahali vumbi na matope hupokezana zamu.

Juzi kuna member aliuliza anunue scoop gani ya metal detector, watu wakamjazia link za vitu vya ng'ambo. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu. Leo niko na nafasi. Yote nitakayoandika yalinitokea mimi mwenyewe, na asiyeamini aje nimwonyeshe scoop yenyewe. Iko hapa nyuma ya mlango.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la saba. Tangu hapo nimepakua malori Namanga, nimepasua mawe Kimuka, nimepaka rangi nyumba za watu hapa Kitengela. Sikai mahali. Lakini kitu nisichokielewa kinaninyima usingizi mpaka nikifungue nione ndani.

Detector niliipata kwa dereva mmoja wa lori. Ilikuwa imemchosha, tukabadilishana na redio yangu ya sola. Ndani ya begi mlikuwa na scoop ya aluminium, ile ya beach. Kwa wasiojua: mashine ikinusa madini chini ikalia, unachota mchanga kwa scoop na kutikisa, mchanga unapita kwenye matundu, kitu kinabaki.

Kajiado hatuna bahari. Lakini tuko na mito ya mchanga, ile ambayo maji hupita juu wakati wa mvua tu, kiangazi yanajificha chini. Nikajiambia mchanga ni mchanga.

Hapo ndipo nilipokosea.

Kiangazi kilichopita nilikuwa Ewuaso Kedong nikichimba mashimo ya fence kwa jamaa anaitwa Lemayian. Jumatano mchana akaja na shemeji yake, Mama Naserian. Nikamsalimu, "Sopa." Akajibu, "Epa," halafu hakupoteza muda.

"Wewe ndiye uko na mashine ya kulia?"

"Ni mimi, mama."

Alikuwa amepoteza surutia yake moja, lile pambo la waya wa shaba ulioviringwa ambalo mama Mmaasai aliyeolewa huvaa sikioni. Alipewa na mama mkwe wake kabla hajafariki. Wafugaji huchimba shimo kwenye mchanga wa mto kupata maji ya mifugo. Alikuwa ameinama humo akichota, kamba iliyoishikilia sikioni ikakatika, ikaanguka, na ukingo wa shimo ukaporomoka ukaifukia.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya kutahiriwa kwa kijana wake. Hakutaka kusimama mbele ya wazee na wake wenzake na sikio moja tupu.

Nikauliza kama hawezi kuazima ya mtu.

Lemayian akaniangalia. "Wewe unaweza azima mama?"



Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Ijumaa lori la mchanga lilikuwa linakuja kupakia hapo hapo. "Ikienda na hiyo lori," Mama Naserian akasema, "itajengewa kwa ukuta ya mtu huko kwenu Kitengela."

Tukashuka mtoni.

Wakuu, nisiwadanganye, niliaibika. Mchanga wetu juu ni mkavu, katikati kuna changarawe na udongo unaonata, chini ni maji. Matundu ya ile scoop yalikuwa madogo, ya mchanga laini wa bahari. Changarawe ikayaziba yote. Kila nikiinua ni kama nimebeba beseni ya uji. Nikianza kutikisa, shimo linajifunika. Mwishowe mdomo wa scoop ukagonga jiwe ukajikunja kama mkebe wa soda.

"Hiyo ni scoop," Lemayian akauliza, "ama ni kijiko ya kukoroga chai?"

Wanawake waliokuwa shimo la pili wakacheka. Mama Naserian hakucheka. Alisema neno moja tu: "Kesho?"

"Kesho natengeneza ingine. Ijumaa asubuhi niko hapa."

Nilisema hivyo kabla sijajua nitaitengeneza na nini.

Nilijaza gunia nusu ya mchanga ule ule, nikasafiri nao hadi Kitengela kwa Mutua, fundi wa kuchomelea mageti. Mutua ni Mkamba, na mdomo wake una makali kuliko grinder yake.

"Sasa umeniletea mchanga? Kwetu Machakos hakuna?"

Nikamweleza. Akaenda kwenye chuma kuukuu akarudi na chekeche tatu za posho mill. Yale mabati yenye matundu yanayokaa ndani ya mashine ya kusaga. Ni chuma kigumu, kimezoea kupigwa na mahindi siku nzima.

Nikaviringa waya wa shaba kwa ukubwa wa surutia, nikamwaga mchanga na maji juu ya kila moja. Chekeche ya unga iliziba papo hapo. Ya matundu makubwa kabisa ilipitisha mchanga vizuri, lakini ncha ya waya ikapenya ikaning'inia nje. Ya katikati, ile ya kusagia chakula cha ng'ombe, ilimwaga maji, ikamwaga changarawe ndogo, waya ukabaki umelala.

"Wacha kuiangalia kama bibi arusi," Mutua akasema. "Tukunje."

Mimi nilitaka matundu kila mahali. Akakataa. "Mdomo ndio unakata. Ushaona jembe iko na matundu?" Akaweka bati nzito mbele, bila tundu, na mkono wa bomba refu unaofika kifuani, ili nisukume kwa mguu badala ya mgongo.

Ijumaa nikafika mapema. Lori lilikuwa limefika kabla yangu.

Msimamizi wa wapakiaji alikuwa anamwambia Mama Naserian asonge, watu wako kazini. Yeye akatandika shuka juu ya mchanga, pale pale penye lile shimo, akaketi.

"Mnipakie mimi kwanza."

Hakuna aliyemgusa. Msimamizi akajikuna kichwa. "Sawa mama, tunaanzia upande ule. Lakini tukifika hapa, tumefika."

Nikawasha mashine. Ikalia bila kunyamaza, kila upande. Nilikuwa karibu kuilaumu, ndipo nikaona scoop yangu mpya ya chuma nimeilaza miguuni pangu. Mashine ilikuwa inaipigia kelele hiyo! Nikaipeleka hatua kumi mbali, kimya kikarudi.

Nikapata kifuniko cha soda. Msumari. Kijiko. Makoleo ya wapakiaji yalikuwa yanakaribia, nilikuwa nayasikia mgongoni.

Halafu kwenye ukingo wa shimo ikatoka sauti nene, tulivu. Mguu juu ya scoop, nikasukuma, nikainua. Maji yakatoka kwa pumzi moja. Hakuna kitu. Nikarudia. Ya tatu, nikaiweka scoop mbali, na nilipopima shimo tena sauti haikuwepo. Maana yake kilichokuwa kinalia kilikuwa ndani ya scoop.

Nikaiinua, nikatikisa. Surutia ikalala juu ya changarawe, nyekundu kwa udongo.

Mama Naserian aliisuuza, akaipima na ile ya sikio la pili. Kisha akaniambia nifungue viganja, akanitemea mate kidogo. Asiyejua mila atadhani nimetukanwa. Ile ni baraka, na kubwa. Akaitemea na scoop pia.

Jumamosi nilialikwa. Nilisimama nyuma, na shati la kuazima, nikamwona Mama Naserian akipita, masikio yote mawili yamekamilika. Mzee mmoja akamuuliza mgeni huyu ni nani. Akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nisikie: "Huyu ni fundi."

Wakuu, nimeitwa kibarua, nimeitwa turnboy wa lori, nimeitwa "wewe". Fundi ilikuwa mara ya kwanza.

Nilichojifunza: usichague scoop kwa picha. Beba mchanga wa kwenu, ukiwa na maji, uchague matundu kwa huo. Mdomo uwe mzito na mzima, mkono uwe mrefu. Na ikiwa ni ya chuma, iweke mbali na mashine yako, usiwe kama mimi.

Sasa nataka kusikia kwenu. Wa pwani, wa Turkana, wa kando ya ziwa, mchanga wenu ukoje, na mnauchota na nini? Kama kuna aliyejaribu scoop ya stainless nyepesi na haikujikunja kwenye mawe, aseme hapa. Mutua naye anasubiri jibu, ingawa ameshaapa kwamba ni uongo.