Swali la Mama Funguo

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke waliyemwita Mama Funguo alifagia kanisa, akapangusa mabenchi na kufunga milango yake yote saba. Watu walimzoea, na mambo waliyoona haya kumuuliza mchungaji walimuuliza yeye, akiwa kapiga magoti na tambara mkononi.

"Mama, nikisinzia katikati ya maombi, ni dhambi?" aliuliza mpishi wa shule, ambaye kila siku huamka saa kumi alfajiri.

"Mtoto akisinzia kifuani kwa baba yake huchapwa?"

Fundi bomba, mgeni kanisani, alikuwa na lake. "Ibada yenu inanichanganya. Nikikaa wenzangu wanasimama, nikisimama wanakaa."

"Kaa nyuma yangu, unifuatishe. Hata mimi nilianza hivyo hivyo."

"Na ile meza ya Bwana? Sijabatizwa."

"Kwetu hapa utangoja ubatizwe. Ila baraka hunyimwi. Pita mbele, kunja mikono kifuani, mchungaji atakuombea."

Siku moja mchungaji alimwita ofisini. Akaingia na hofu, maana alijua majibu yake yameshafika huko. Mchungaji, aliyelingana umri na kitindamimba wake, akamvutia kiti.

"Mama, watu wanakuja darasa la ubatizo wakijua nusu ya mambo. Wanasema wamefundishwa na wewe. Jumamosi uwe unakaa nami darasani."

"Baba Mchungaji, mimi niliishia darasa la nne."

"Sikuiti usome, mama. Ukiwepo hawataogopa kuuliza."

Jumamosi ya tatu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Mchungaji akamgeukia. "Haya mama, leo tuanze na wewe."

Hapo Mama Funguo akajikuta akisema jambo ambalo, ukimtoa mumewe, hakuwahi kumwambia mtu. Mtoto wake wa kwanza aliishi siku mbili tu, akafariki kabla ya kubatizwa. "Nimefagia humu miaka yote hii nikijiuliza. Mwanangu yuko wapi?"

Mchungaji hakukimbilia kufungua kitabu. "Yapo mengi nisiyoyajua," akasema taratibu. "Ila Yesu alipoletewa watoto aliwakumbatia. Sijasoma popote kwamba aliuliza kwanza kama wamebatizwa. Mimi mwanao namwona kwenye mikono hiyo hiyo, mama, na nalala usingizi bila wasiwasi."

Mama Funguo akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Fundi bomba, ambaye naye alikuwa darasani, akaomba wasimame wamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto yule, na safari hii yeye ndiye aliyetangulia kusimama.

Mama Funguo alipofika nyumbani alimkuta mumewe, dereva mstaafu, akimimina chai. "Leo nimeuliza," akamwambia. Mumewe hakuhitaji kuambiwa ni swali gani. Alizima redio, akaketi karibu naye. Wakamzungumzia mtoto wao kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi: nywele zake tele, na yale masikio makubwa ya babu yake. Wakacheka mpaka chai ikapoa, na mumewe akainuka kuipasha.